Msiba Uliowekwa Levuka

Suva, Fiji
9 Machi 2025

Mdogo wangu Bernard,

Tumsifu Yesu Kristo. Habari za hapo Kisarawe? Aneth binti yako hajambo? Mwambie shangazi yake amefika salama, ila pua imeungua kwa jua mpaka inabanduka ngozi. Nilidhani hayo ni ya Wazungu tu, kumbe bahari haichagui.

Naandika barua kwa sababu simu tumeshaona inakotufikisha. Mara ya mwisho uliniuliza, "Mwanamke wa miaka sitini na mbili anakwenda kuzurura baharini, mama yake anamwachia nani?" Nikakujibu, "Anamwachia mtoto wake mwingine, kama huyo mtoto bado anakumbuka kuwa ana mama." Ukanikatia. Sasa barua huwezi kuikata katikati. Melini hatuna mtandao wa kwetu. Ofisi hufungua barua pepe tukifika bandarini tu. Kwa hiyo wewe andika kwa mkono, Aneth apige picha atume, wao wananichapishia. Na mimi nitafanya vivyo hivyo.

Kazi ndiyo ile niliyokueleza. Meli ni ya hisani, inazungusha madaktari na wakunga kwenye visiwa visivyo na hata zahanati. Dokta Sadick, niliyefanya naye kazi zamani, ndiye aliyenipendekeza. Ni miezi sita, halafu narudi kwangu Tangini.

Kuna jambo moja nilikosea na naomba unisamehe. Nilimleta Mama siku niliyojua uko shambani, nikamkabidhi kwa Aneth, nikaondoka bila kukuaga. Niliogopa kwamba ukinitazama usoni nitashindwa kuondoka.

Uji wake ni wa ulezi, uwe vuguvugu. Dawa ya presha saa mbili asubuhi, bila kukosa. Kahawa zake za kutafuna ziko kwenye kopo la maziwa. Meno hana, lakini anazimung'unya na anafurahi. Usimwache peke yake uani, atatoka kuitafuta nyumba yetu ya Bukoba. Akikataa kuoga usimlazimishe, mwimbie tu nyimbo za kanisani, atakubali.

Asante, Bernard. Najua hukusema ndiyo. Lakini Mama yuko kwako, na mimi jana nimelala saa nane mfululizo kwa mara ya kwanza tangu sijui lini.

Dada yako,
Stellamaris


Kisarawe
30 Machi 2025

Kwa: Dada Stellamaris
YAH: HALI YA MAMA

Shikamoo. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Barua yako ya tarehe 9 Machi imepokelewa na yaliyomo yameeleweka. Hapa hatujambo. Mvua zimeanza, barabara ya kwangu haipitiki.

Napenda kukujulisha kuwa Mama yupo, anakula na analala. Dawa anapewa kwa wakati. Maelekezo ya uji yanafuatwa na Aneth. Kuhusu kuimba: mimi siimbi.

Kuhusu kuondoka bila kuaga: limezingatiwa.

Nakutakia utekelezaji mwema wa majukumu yako.

Bernard, Bwana Miti (Mstaafu)
Nakala: Aneth, kwa taarifa


Melini
27 Aprili 2025

Bwana Miti,

Marahaba. Tumsifu Yesu Kristo na heri ya Pasaka. Nilisoma barua yako nikacheka mpaka muuguzi ninayelala naye chumba kimoja akauliza kama ni kichekesho. Nikamwambia ndiyo, nina mdogo wangu ambaye akija kufa ataomba kibali kwa maandishi.

Mimi naendelea vizuri. Wiki hii nimezalisha mama mmoja kisiwani, pacha, wa pili alitanguliza miguu. Hawana umeme. Mume wake alishika tochi, mwanga ukawa unarukaruka mpaka nikamwambia aishike kwa mikono miwili. Wote wazima. Wamempa wa pili jina langu, maskini, atapata shida kuliandika.

Lakini umenieleza anakula na analala. Hata kuku anakula na analala. Anaongea nini? Ananiulizia? Hilo hukusema. Niambie kama lilivyo.

Dada yako,
Stella


Kisarawe
2 Juni 2025

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo dada. Tumsifu Yesu Kristo. Ni matumaini yangu kuwa Mwenyezi Mungu anaendelea kukulinda huko ugenini. Sisi hapa tunamshukuru kwa yote.

Nimekaa muda mrefu bila kuandika kwa sababu sikujua nianzie wapi. Dada, umefanya mengi kwa Mama. Miaka kumi na moja ulikuwa unatoka zamu ya wodini unaingia zamu ya nyumbani, na mimi sikuwahi kusema asante. Leo nasema. Asante kwa kumwogesha, asante kwa kumlisha, asante kwa kuvumilia. Mungu atakulipa, maana mimi siwezi.

Majirani wamekuwa wema sana kwetu. Mama Swaumu wa nyumba ya pili anakuja kila siku. Jumuiya nao wanakuja kusali.

Usiwe na wasiwasi wowote. Fanya kazi yako kwa moyo mtulivu, tukumbuke katika sala kama sisi tunavyokukumbuka.

Mdogo wako akupendaye,
Bernard


Levuka, Fiji
Jumapili, 22 Juni 2025

Bernard,

Tumsifu Yesu Kristo. Nawasalimu wote hapo nyumbani, nikisema wote sijui namhesabu nani.

Ngoja nikueleze kwa utaratibu, maana kichwa changu kisipokwenda kwa utaratibu kitaanguka. Mashine ya meli iliharibika, tukaingia hapa Levuka, tukapewa siku nane. Wenzangu wakapanda boti kwenda Suva kutembelea maduka makubwa. Mimi nikabaki.

Ni mji wa barabara moja. Upande huu bahari, upande ule mlima umesimama wima, na katikati wamebanwa watu na maduka yao ya mbao yenye vibaraza. Mtu akilala vibaya akanyoosha miguu atalowa. Ijumaa asubuhi nilishuka melini bila mkoba na bila saa. Unajua mara ya mwisho kutembea mjini bila kuwaza dawa za mtu ilikuwa lini? Sikumbuki. Nilisimama njia panda nikauliza, niende kulia au kushoto, na jibu likawa popote.

Nikaenda kulia. Kila ninayepishana naye ananisalimu, "Bula!" nami naitika hiyo hiyo. Kanisa lao lina saa inayogonga, ikimaliza inanyamaza kidogo halafu inarudia kugonga upya, kwa ajili ya wale waliokuwa hawasikilizi. Nikafika sokoni nikakuta nazi, magimbi, na muhogo. Muhogo, Bernard! Nimezunguka nusu ya dunia nikakuta muhogo ule ule wa Kisarawe umepangwa mafungu mafungu chini. Muuzaji ni mama wa makamo anaitwa Mereseini. Kiingereza chake na changu vinalingana kwa ubovu, tukaelewana sana. Alikataa katakata kuamini kwamba kwetu tunakula na majani yake. Nikamwelekeza kutwanga kisamvu kwa vitendo, katikati ya soko, wateja wamesimama wanatazama.

Halafu nikapanda ngazi za mlimani. Zinakaribia mia mbili. Mimi nilihesabu mpaka mia na arobaini pumzi zikaniishia. Nikakaa pale juu, nikaona meli yetu ndogo huko chini, nikaanza kucheka peke yangu. Nilikuwa na furaha. Nakuambia wazi, nilikuwa na furaha kubwa na sikuwa namkumbuka Mama hata kidogo.

Niliposhuka, karani wa meli akanipa barua yako.

Nikatafuta "Yah". Hakuna. Nikatafuta "tafadhali husika". Hakuna. Bernard, mimi nimekufunga nepi. Nakujua. Hujawahi kuniita mpenzi tangu uzaliwe. Ukurasa mzima wa asante, majirani wanakuja kila siku, jumuiya wanasali, niwe na moyo mtulivu, na habari ya Mama mwenyewe hakuna hata mstari mmoja. Hajala, hajalala, hajakataa kuoga. Sisi watu wa kwetu huandika hivyo ndani kukiwa na maiti.

Na wewe hasa. Baba alipofariki ulinipigia simu wodini ukasema kwa sauti hiyo hiyo ya upole, "Dada, baba ana homa kidogo, anakuulizia, njoo." Nilisafiri siku mbili mpaka Bukoba na dawa za homa kwenye mkoba. Nikakuta turubai. Sikukulaumu siku ile, ndivyo tunavyofanya wote, mwenye msiba haambiwi akiwa njiani. Lakini zile dawa nilikaa nazo mwaka mzima.

Basi nikanunua laini ya hapa nikapiga. Akapokea Aneth. Nikamwambia, "Nipe Bibi yako nimsikie." Akababaika, akasema, "Shangazi, tulia kwanza. Baba atakuandikia." Simu ikakatika. Sikupiga tena, nikaizima kabisa. Ningepiga ili niambiwe nini?

Nikajifunga kitenge, nikarudi sokoni, maana katika mji huu mtu ninayemjua ni muuza muhogo. Nikamwambia, "Mama yangu amefariki." Hakuniuliza lini wala kwa nini. Alifunika muhogo wake kwa gunia, akaita wenzake wanne, wakanichukua mpaka kwake, wakatandika mikeka barazani. Bernard, watu wasionijua hata jina la pili walikaa na mimi siku mbili. Walileta chai, walileta muhogo wa kuchemsha, waliimba kwa sauti nne bila kitabu. Mmoja alikuwa ananishika mguu tu. Nilimwekea Mama yetu msiba hapa Levuka, ukawa msiba mzuri. Leo asubuhi padri amelitaja jina la Adventina kwenye misa. Alilitamka vibaya, lakini amelitaja.

Sasa nisikilize. Jumamosi ijayo, tarehe 28, meli inang'oa nanga kwenda visiwa vya mbali. Ni miezi miwili, hakuna uwanja wa ndege wala njia ya kurudi kabla meli haijarudi. Kutoka hapa bado naweza kupata ndege. Niambie ukweli kabla ya Ijumaa. Kama bado hamjamzika, nisubirini, nakuja. Kama mmeshamzika, niambie ni nani alimvisha, na alivaa nini.

Usinifiche mara ya pili, nakusihi.

Stella


Kisarawe
Jumatano, 25 Juni 2025

Kwa: Dada Stellamaris
YAH: MAMA KUWA HAI

Shikamoo. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu, na ukisome mara mbili.

Mama yu hai. Ninapoandika hapa amekaa kwenye kiti chake, anamung'unya kahawa, na ganda amelitemea mguuni kwangu. Aneth amepiga simu yako mara sita tangu jana, haipatikani. Sasa najua kwa nini. Ametuma ujumbe kwa ofisi ya meli waje wakuambie kwa mdomo, ila sijui kama wamekuona. Kama hujaambiwa, basi unaambiwa na mimi: hakuna msiba, hakuna turubai.

Dada, nisamehe. Nimekuua kwa siku mbili na hukunikosea. Nilikuwa najaribu kushukuru. Sikuwa na mazoezi.

Nimeirarua karatasi ya kwanza, ambapo nilitaka kuendelea na utaratibu wa ofisi. Uliomba niseme ilivyo. Ndivyo hivi.

Mama hanijui. Tangu Pasaka ananiita Stella. Mwanzo nilimbishia. Nikamwambia, "Mama, mimi ni Bernard." Akanitazama akasema, "Bernard yuko msituni na miti yake, hajaja." Nikamwambia amekuja, ndiye huyu. Akasema, "Hapana, yule haji." Siku ile nilitoka nikakaa nyuma ya nyumba kama saa nzima. Aneth aliponiuliza nikamwambia nakagua mikorosho.

Halafu ikawa anaita kutwa nzima. "Stella! Stella!" Aneth akiitika, Mama anasema siye. Analia, Dada, analia na kucha anazikwaruza kwenye mkono wa kiti. Siku moja nilikuwa nimechoka, sikuwa na akili ya kubishana, akaita "Stella!" nikajikuta nimeitika, "Abee, Mama."

Akanyamaza papo hapo. Akasema, "Ulikuwa wapi? Njoo ukae."

Tangu siku hiyo naitika abee. Mzee mzima, nina mvi kifuani, naitika abee kama msichana. Namwogesha, na ndiyo, naimba. Sauti ninayo mbaya lakini Mama Swaumu anasema nyimbo mbili nimezipatia. Yule mama ni Mwislamu, nyimbo zetu sasa anazijua kuliko mimi. Anakuja kila siku kunisaidia kumgeuza. Na jumuiya wanakuja kwa sababu Mama hawezi kwenda kanisani. Hayo ndiyo niliyokuandikia, nikadhani nimeandika vizuri.

Nilimkataza Aneth asikuambie. Niliona aibu. Siku uliyopiga, nilikuwa bafuni naye, mlango uko wazi, Mama anaita jina lako na mimi naitika. Aneth akaona ukisikia itakuwaje, akababaika, akasema lile alilosema, na simu ikakatika, nadhani salio lako liliisha. Amelia sana mtoto, msamehe na yeye.

Kuna kitu kingine. Akinishika mkono huwa anasema, "Mwanangu umechoka, kapumzike. Mungu akubariki, wewe hukuniacha." Ananiambia hayo karibu kila siku. Hizo baraka si zangu. Nazipokea kwa niaba yako tu, na ndiyo maana ilinibidi nikuandikie asante, nilikuwa nimejaa nazo, sikuwa na mahali pa kuzipeleka.

Jana nilimsomea barua yako. Nilipofika pale ulipomtaja padri akauliza, "Adventina yupi huyo?" Nikamwambia ni wewe, Mama, watu wa mbali wamekusalia. Akafikiri. Akasema, "Waambie asante, na wao wapone." Tafadhali fikisha.

Sasa kuhusu kurudi. Nakataa. Si kwa hasira kama ile ya simu. Miaka kumi na moja ulikuwa naye wewe, na mimi nilikuwa naleta mkungu wa ndizi Krismasi na Pasaka, nashinda saa mbili, natazama saa, naondoka nikijiona mtoto mwema. Kisarawe na Tangini si mbali. Nilikuwa nasema ni mbali.

Niachie hii miezi miwili, Dada. Nakuomba. Kuna asubuhi akili inamrudia kwa dakika chache, anamtaja Baba, anataja shamba. Pengine siku moja atanitazama aseme, "Bernard, umekuja." Nataka siku hiyo niwe nimekaa hapo. Na asiposema, nitaendelea kuwa wewe.

Panda meli. Likitokea lolote nitatuma kwa ofisi yao siku hiyo hiyo, na kichwa cha habari kitakuwa kwa herufi kubwa. Nakuapia hutaona neno mpenzi.

Bernard
Nakala: hakuna. Hii ni yako peke yako.


Levuka
Ijumaa, 27 Juni 2025

Mdogo wangu mpenzi (ni mimi, usiogope, huku pia hakuna aliyekufa),

Tumsifu Yesu Kristo. Msalimie Aneth, mwambie shangazi hana kinyongo, ila siku nyingine mtu akiulizia bibi yake aseme kwanza, "Yupo."

Ujumbe wa Aneth haukunifikia. Karani alinipa barua yako jana mchana nikiwa nimeshafunga sanduku. Nilisoma kile kichwa cha habari nikakaa chini, palepale gatini, watu wakadhani nimeanguka. Nikasoma mara mbili kama ulivyoagiza, halafu mara ya tatu kwa hiari yangu. Bernard, nimekutukana na nimekubariki kwa wakati mmoja, sijui Mungu atachukua lipi.

Kisha nikalazimika kwenda sokoni kumwambia Mereseini kwamba marehemu anamung'unya kahawa. Nilidhani watakasirika, wamepoteza siku mbili za biashara kwa maiti ya uongo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaachia kicheko mpaka akashikilia meza ya jirani. Akaita wale wanne, wakaja, akawasimulia kwa lugha yao, wakacheka wote wanalia machozi. Halafu wakaniambia chai ya msiba haidaiwi, ila aliyefufukiwa na mama yake lazima apike. Nimewapikia muhogo wa nazi na kisamvu, wameramba sahani. Nimewafikishia asante ya Mama kama alivyosema. Yule aliyekuwa ananishika mguu akaniuliza jina la huyo mtoto anayemtunza. Nimewaambia Bernard. Jumapili watamwombea, na padri ameahidi kulitamka vizuri.

Nasafiri kesho asubuhi. Lakini wewe umesema lako, na mimi nina langu, siwezi kulipeleka baharini.

Sikuondoka kwa ajili ya kazi tu. Mwezi wa kumi mwaka jana nilimfokea Mama. Si kufoka kwa kawaida. Alikuwa ameniita tangu asubuhi, Stella, Stella, nikamwinamia usoni nikapiga kelele mpaka akaenda kujificha nyuma ya mlango wa jikoni, amejifunika kichwa kwa kanga. Mimi, mkunga, niliyewafundisha wasichana jinsi ya kuongea na mgonjwa. Nikajua nisipoondoka nitafanya baya zaidi. Uliponiambia nakwenda kuzurura, ndiyo maana nilikujibu vibaya, kwa sababu nilijua nakimbia. Na nilipokuwa namlilia pale barazani, kilichokuwa kinaniua ni hicho, kwamba amekufa anakumbuka sauti ile.

Kumbe anakuambia sikumwacha. Asante kwa kuniletea hizo baraka, Bernard. Asante kwa abee. Sikujua kama naweza kuwa na deni la neno dogo hivyo na nisiweze kamwe kulilipa.

Kaa naye. Miezi miwili ni yako, hata ukitaka mitatu. Mama akiita Stella, itika haraka. Mimi, miezi ile ya mwisho, nilikuwa nasikia na siitiki.

Dada yako,
Stella